Hita ya Mkwezi na Karafuu za Mama

Enzi zetu, mtoto wa Wambaa, kijiji chetu cha Pemba, alikuwa na kazi mbili: kwenda chuoni kusoma juzuu yake ya Kurani na kulinda karafuu jamvini. Skuli nayo ilikuwepo, lakini msimu ukiingia hata walimu walikuwa na majamvi yao, kwa hiyo hakuna aliyekuuliza sana. Nyinyi wenzangu mliokula shelisheli la kuchoma kwa chumvi mkabaki na midomo myeusi, mnajua ninachokisema. Hawa wa leo ukiwaambia kulikuwa na kazi ya kukaa kitako na kuangalia mawingu, wanakuuliza ilikuwa na mshahara gani.

Haikuwa na mshahara. Ilikuwa na ufito wa kufukuzia kuku, kigoda, na macho. Wingu likichomoza upande wa baharini unapiga ukelele, "Mvua!", na nyumba nzima inatoka mbio kuanua. Wanawake wanaacha vyungu mekoni, wanaume wanaacha kahawa, majamvi yanakunjwa na kuingizwa ndani kabla tone la kwanza halijaanguka. Usiku wake tunakaa ukumbini tunachambua karafuu kwenye makonyo, vile vijiti vyake, vidole vinanata, na harufu ile ukioga haitoki. Nilikuwa naisikia hata kwenye muhogo wa nazi niliokuwa nakula. Nikiisikia leo dukani, tumbo langu linafikiri ni saa ya chakula cha usiku.

Baba alikuwa na gari. Lilikuwa gari kuukuu la Kiingereza, kichwa cha bati na nyuma bodi la mbao, la kuchukulia magunia na mikungu ya ndizi kwenda mjini Chake. Tulilipa jina la Mkwezi, kwa sababu kila kilima kilikuwa kwake mnazi: lilipanda likiguna, likafika juu likapumua. Ndani mlikuwa na kiti kimoja kirefu cha ngozi iliyopasuka, na kwenye dashibodi palikuwa na kijiti cha bati chenye alama nyekundu upande mmoja na buluu upande wa pili. Nilimuuliza baba kijiti kile ni cha nini.

"Hicho cha hita," akanambia. "Kwao kuna baridi, gari lazima litie moto ndani. Hapa Pemba nani anataka moto ndani ya gari?"

Basi kijiti kikawa chetu watoto. Tukikikokota huku na huku tukijifanya madereva, na Mkwezi halikujali.

Mama naye alikuwa na mkarafuu wake. Nasema wake kwa maana yake kamili: marehemu babu yangu alipogawa miti, mama alipata mkarafuu mmoja, nyuma ya kisima, na kila kilichotoka mti ule hakikuchanganywa na cha baba. Mwaka ninaousimulia, nikiwa darasa la tatu, mti ule ulizaa hadi matawi yakainama. Mama aliuchuma mwenyewe kwa siku tatu, kitambaa kichwani, pakacha begani, na kila aliposhuka alisema neno moja tu: cherehani. Alikuwa akishona kwa mkono tangu ujana wake, nguo zetu za sikukuu zote, na vidole vyake vilikuwa vimejaa matundu ya sindano. Karafuu zile zikikauka vizuri zingetosha cherehani. Zisipokauka, angengoja mti ujaalie tena, na mikarafuu haizai hivyo kila mwaka.

Jamvi lile nilipewa mimi kulilinda.

Siku mbili za mwanzo nilililinda barabara. Siku ya tatu akaja Raya, mtoto wa jirani, na vifuu vyake vya nazi. Tukaenda chini ya mfenesi kupikapika, hatua chache tu, nikijiambia nitakuwa naangalia. Raya alikuwa na sufuria ya kifuu na sahani za majani ya mkungu. Mimi nilikuwa na kitu kilichomtia wivu kila siku: birika. Lilikuwa kidude cha shaba, duara, kipana kama mdomo wa kikombe cha kahawa, katikati kina kijisahani na springi chini yake. Nilikuwa nimekiiba kwenye kopo la misumari la baba. Siku ile tulikuwa na wageni wa kufikirika kutoka Chokocho, kwa hiyo chai ilikuwa nyingi na maneno mengi. Niliposikia mvua kwenye majani ya mfenesi, ilikuwa imeshafika jamvini.

Mama alitoka kisimani anakimbia, povu la sabuni mikononi. Tulianua pamoja, lakini kilichoroa kiliroa. Karafuu zilizokuwa zimeanza kuwa kahawia na kukakamaa sasa zilikuwa zinang'ara maji.

"Ulikuwa wapi, Zuwena?"

"Nilikwenda haja, mama."

Alipiga magoti akaanza kuzipangusa kwa kanga yake, punje kwa punje, kama anayeweza kuzimaliza. Mimi nilirudi kwa Raya, tukalifukia birika chini ya mfenesi ili nisilione tena.

Ile haikuwa mvua ya kupita. Ilinyesha siku ile, ikanyesha kesho yake, mbingu imeshuka mpaka juu ya minazi. Mama alianika ndani, juu ya vitanda, juu ya meza, sisi tukalala chini. Wale waliokulia mijini nawaeleza: karafuu mbichi ikikaa na unyevu inafanya ukungu, inageuka rangi ya majivu na kuwa nyepesi, na mnunuzi haitazami mara mbili. Kuikausha juu ya moto wa kuni usijaribu, inashika moshi, na moshi hautoki tena. Jioni ya siku ya pili mama aliikunja punje moja kati ya vidole. Ilipinda bila kuvunjika. Akainusa, akamtazama baba.

"Kesho zitaanza kunuka," alisema. "Basi. Siye tushazoea sindano ya mkono."

Kule kusema basi ndiko kulikoniuma. Angenipiga ningelia yakaisha.

Baba alikuwa mtu wa kucheka ovyo, lakini jioni ile hakucheka. Alisimama mlangoni anaitazama mvua, na mbele yake Mkwezi limesimama uani linachuruzika. Alikaa hivyo mpaka chai yake ikapoa. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu aliyekumbuka alipoweka funguo:

"Yakhe! Gari hino ina moto ndani!"

Asubuhi tukaanza. Nasema tukaanza kwa sababu mimi sikubanduka, nilikuwa nashika spana na kuomba dua kimyakimya. Baba aliwasha injini, akakisukuma kile kijiti hadi kwenye wekundu, akafungua feni. Ikatoka pumzi ya vumbi na mabawa ya mende, kisha upepo wa kawaida tu. Tukangoja. Nikaweka mkono mbele ya tundu. Joto lake lilikuwa kama la kuku aliyetamia, si zaidi.

"Gari zee, lakini maji ya moto linayo," baba alisema. "Tuyafuate yanaishia wapi."

Kwanza alitazama rejeta. Maji yalikuwa pungufu, tukaongeza kata tatu. Halafu akanifunulia boneti na kunionyesha mipira miwili inayotoka kwenye injini na kuingia kwenye ukuta wa bati, upande wa kiti cha abiria. Mmoja unapeleka maji ya moto kwenye kisanduku cha hita, mwengine unayarudisha. Akaniambia nishike huu, kisha nishike ule, nimwambie.

"Huu wa moto kidogo. Ule baridi."

"Basi yanaingia hayatoki. Kisanduku kimeziba."

Nilijiona daktari. Kazi yangu ya kwanza ya maana duniani ilikuwa kushika mipira miwili na kusema ukweli, na ule ukweli mwengine niliokuwa nao moyoni ulikuwa unanichoma kuliko injini.

Alizima, akangoja ipoe, akaifungua mipira yote miwili. Hatukuwa na maji ya mfereji, kwa hiyo alipanda juu ya kichwa cha gari na ndoo, akatia mrija, na mimi nikashika beseni chini. Yakatoka matope mekundu. Ule udongo wa kisima chetu, miaka yote baba akijaza rejeta kwa maji ya kisima, ulikuwa umekaa mle kama chombo cha mfinyanzi. Alimwagia ndoo baada ya ndoo. Kisha akaomba ndimu. Mama alitoka na pakacha zima bila kuuliza, tukazikamua, tukaujaza ukali ule ndani ya hita na kuuacha mpaka adhuhuri. Baada ya sala tulipofungua, ilitoka kutu na vipande vya chokaa, halafu maji meupe. Baba akaliegesha gari pua juu kilimani, akaliacha linanguruma kifuniko cha rejeta kikiwa wazi, mpaka mapovu ya hewa yakaisha. Nikaishika tena mipira. Yote miwili sasa ilikuwa sawasawa.

Sawasawa, lakini vuguvugu. Upepo uliotoka ungeweza kumfurahisha mtoto mchanga, si karafuu.

Baba alikaa kwenye ngazi ya gari akajikuna kidevu. Mama alikuwa amesimama kizingitini, na nilimwona anarudi ndani taratibu. Ndipo baba alipojipiga paja.

"Kile kidude! Fundi Seif alikitoa!"

Fundi Seif alikuwa fundi wa Gombani. Miaka ya nyuma Mkwezi lilichemsha njiani, na yeye, kama mafundi wengi wa visiwani, akakitoa kidude kinachokaa kwenye njia ya maji akasema nchi ya joto haina haja nacho. Baba akanieleza, maana siku ile alikuwa anamweleza yeyote aliye karibu: kidude kile ni mlango. Injini ikiwa baridi kinafunga, maji yanakaa yanapata moto, yakishapata kinafungua. Bila mlango maji yanazunguka tu rejetani yanapoa, moto haushiki.

"Na nilikiweka," alisema. "Nilikitia kwenye kopo la misumari."

Niliiweka spana chini.

Alilimimina kopo lote kwenye ungo wa mama. Misumari, nati, funguo za makufuli yaliyopotea, jino la dhahabu lisilojulikana la nani. Kidude hamna. Akapekua mara ya pili. Uso wake, ule uso wa kucheka, ukabadilika.

"Seif. Alikuja hapa kutengeneza breki, nikamwachia kopo hilihili. Kakichukua kakitia gari la mtu. Na mimi namwita ndugu yangu! Nipe shati, naenda Gombani n'kamwambie mbele ya watu wake."

Mama akamwambia asende na hasira. Baba ameshavaa shati, vifungo vimekwenda mrama. Nilimjua Fundi Seif. Kila akija alikuwa ananiletea visheti ndani ya karatasi. Nikamwona amesimama mbele ya watu anaitwa mwizi, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Baba, usende. Kipo mfenesini."

"Kimefikaje mfenesini?"

"Ndiyo birika letu."

Hakuelewa. Mama alielewa kabla yake. Mama alikuwa mtu wa kuhesabu mambo kimya, na nilimwona anaunganisha birika na mfenesi, mfenesi na jamvi.

"Kwa hiyo siku ile ya mvua hukwenda haja."

"Sikwenda, mama."

"Ulikuwa wapika chai."

"Ndiyo. Ya wageni wa Chokocho."

Nilifumba macho. Sijui nilingoja kofi au nilingoja ardhi inimeze. Nikasikia sauti yake imetulia kabisa.

"Haya, nenda kakilete. Na hiyo chai iliyobaki imwage."

Baba akapasuka kucheka. Alicheka hadi akakaa chini na shati lake la hasira, na mama, midomo imebanwa, mabega yanatikisika. Nilikimbia mvuani nikachimba kwa mikono. Birika lilitoka na matope, na ndani yake mna maua ya mfenesi tuliyokuwa tumewakaribishia wageni wa Chokocho.

Mama akaliosha, na baba akalifunga uzi, akalitumbukiza kwenye sufuria ya maji mekoni. Wote watatu tukainama. Maji yakaanza kutoa moshi, kidude kimefunga. Yalipokaribia kuchemka, kijisahani kikasogea, kikafunguka taratibu mbele ya macho yetu. Baba akakiinua juu, kikafunga tena.

"Kizima," alinong'ona, kama anayeogopa kukiamsha.

Akakirudisha mahala pake, na karatasi ya kuzibia akaikata kwenye boksi la sabuni, akaipaka grisi. Tulipowasha safari hii, tulingoja kama dakika kumi. Kisha nikaweka mkono kwenye tundu nikautoa haraka. Moto!

Jamani, mngeuona msafara ule. Baba alitandika majamvi mapya kwenye kiti, sakafuni na juu ya dashibodi, mama akazimwaga karafuu, vioo vikashushwa upana wa vidole viwili ili mvuke upate pa kutokea. Gari likisimama tu injini haipati moto wa kutosha, kwa hiyo lilibidi liende. Likawa linapanda kilima na kushuka, kutoka kwetu mpaka barabara kuu na kurudi, mvuani, baba kifua wazi anatiririka jasho kwenye usukani, mama pembeni yake anazigeuza karafuu kwa viganja, na mimi nimebanwa sakafuni, miguuni pao, nageuza za chini. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yangu. Macho yaliwasha, koo lilikuwa linawaka harufu, na jasho letu sote watatu lilinuka sikukuu. Majirani walitoka vibarazani.

"Mzee, joto la Pemba halikutosheni?" mmoja alipiga kelele.

"Lenu hilo limeroa!" baba akamjibu.

Sijawahi kuwaona wazazi wangu wamekaa karibu hivyo kwa muda mrefu hivyo, wanacheka na kusukumana viwiko. Nilikuwa na miaka tisa na sikujua kama nilikuwa naangalia mapenzi. Nilidhani ni joto.

Kesho yake mchana mama alichukua punje moja akaikunja. Ikavunjika, ta! Akachukua ya pili, ya tatu, akawa anazivunja kwa raha tu, hadi baba akamkumbusha kwamba anavunja cherehani yake.

Si zote zilizopona. Kiasi cha vibaba viwili vilikuwa vimeshageuka rangi, mama akazitenga kwa ungo. Hakuzitupa. Alizitia kwenye kopo la maziwa, na kwa mwaka mzima, kila akinimiminia chai, aliidondosha punje moja ya kijivu kikombeni mwangu na kusema, "Hino ya mgeni wa Chokocho." Haikuwa na ladha ya chochote. Nilikunywa zote. Na cherehani ilifika, nyeusi, ina maua ya dhahabu, na nguo ya kwanza iliyotoka ilikuwa yangu.

Sasa Mkwezi limebaki bati uani Wambaa, kuku wanataga mle. Baba ametangulia, Mungu amrehemu. Mkarafuu wa nyuma ya kisima ulikauka ukaanguka wenyewe, na mama hakupanda mwengine. Mimi nasomesha skuli hapa Gombani, na nina mtoto, Khatib, mwenye gari la Kijapani lenye kioo cha kugusa kinachomwambia hata mlango upi haukufungwa.

Juzi tulimchukua mama, anayekaa nami sasa, kumpeleka Wambaa. Mvua ikatushika njiani na vioo vikajaa ukungu. Khatib akawa anafuta kwa karatasi, anaendesha kwa tundu dogo. Nikamwambia tia hita. Akanitazama kama niliyemwambia atie makaa. Nilinyoosha mkono nikaizungusha mwenyewe hadi kwenye nyekundu, zikaja pumzi hafifu, vuguvugu.

"Mbovu hiyo, mama. Ngoja nitazame kwenye simu." Akaegesha, akaitafuta dawa kwenye simu, simu ikatafuta mtandao, na sote tukawa tunatafuta.

Nilishuka na mwavuli. Mipira ni ileile miwili, imejificha tu kidogo. Nikaishika. Yote vuguvugu. Nikamuuliza mara ya mwisho kutazama maji ya rejeta ilikuwa lini, akasema gari halijamwambia kitu. Tukangoja injini ipoe, tukafungua, maji yako chini kabisa. Tukajaza, tukaliacha litoe mapovu yake, nikafunga, nikarudi kwenye kiti. Joto likaja. Lilitoka kwenye matundu yote, jingi, na kioo kikafunguka mbele yetu, barabara, migomba, mvua, yote ikaonekana.

"Mama, umejifunza wapi?" Khatib aliuliza, na kwa mara ya kwanza mwaka huu simu ilikuwa chini.

Nilikuwa navuta pumzi. Joto lilikuwa zuri, safi, na halikuwa na harufu ya kitu chochote.

Nyuma yetu mama yangu alikuwa ameinama mbele, kiganja chake chenye mikunjo kimefunguliwa mbele ya tundu la upepo, vidole vinageuka taratibu, hivi na hivi, kama vinavyogeuza.

"Moto wote hunu, Zuwena," alisema, "na hatuna cha kuanika."